UZI: Mama alikosa kidonge siku nne, moyo ukapiga 136. Tuzungumze vipokezi vya moyo

Mchambua_Karafuu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi. Jambo hili limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita na sitolala vizuri mpaka nilitoe.

Mama yangu ana miaka 61, anakaa Mkoani. Ana presha, na mwaka wa tatu sasa anameza atenololi, kidonge kimoja kila asubuhi. Msimu huu kaenda kwa kaka yake, mashamba ya upande wa Mtambile, kusaidia kuchambua karafuu. Alibeba vidonge vya siku tano. Karafuu zikawa nyingi, siku tano zikawa tisa, vidonge vikaisha na hakumwambia mtu. Kichwa hakimuumi, anakula, anacheka. Akasema moyoni, nitameza nikirudi.

Usiku wa siku ya nne bila dawa wamekaa ukumbini kwenye jamvi, karafuu huku, makonyo huku, mama akaanza kusema moyo unamtwanga kama mchi. Mikono ikawa inatetemeka, karafuu zinamponyoka. Binamu yangu akanipigia simu huku Unguja, saa nne za usiku. Nikamwambia: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, utasikia mshipa, hesabu kwa sauti, mimi natazama saa. Sekunde 15 akafika 34. Mara nne ni 136, na mtu kakaa kitako, hajanyanyua hata pakacha.

Uani watu walishaamua kuwa ni shetani, mama kapita chini ya mkarafuu mkongwe magharibi. Simlaumu yeyote. Mjomba alipata gari, akafikishwa hospitali, na daktari wa zamu aliuliza swali moja tu la maana: unatumia dawa gani, na ya mwisho umemeza lini? Akarudishiwa dawa ileile, akalazwa usiku mmoja aangaliwe.

Kinachoniuma ni hiki. Mimi ni mfamasia. Kila siku nasimama nyuma ya meza ya dawa nawaeleza watu wasiowahi kuniona, na mama yangu mwenyewe sikuwahi kumwambia kuwa dawa ile haikatwi ghafla. Aliyemwandikia miaka mitatu iliyopita naye hakumwambia. Basi leo namwambia yeye na ninyi nyote, na nitaeleza kwa nini, maana mtu akijua sababu hasahau.

Moyo haungoji amri ya ubongo ndipo upige. Juu ya chemba ya kulia kuna kijipande kidogo cha seli kinachojipigia chenyewe. Kikiachwa peke yake, bila neva yoyote kukigusa, kwa kijana mzima kinapiga mara 100 hivi kwa dakika. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa moyo wa mwenzake hukaa kwenye 90 mpaka 110 hata akiwa amelala: neva zimekatwa. Sisi tuliokaa barazani tunapiga 70 kwa sababu kuna neva iitwayo vagasi, inashuka kutoka kichwani na kazi yake kwa moyo ni kuuvuta hatamu. Upande wa pili, wa kuukimbiza, zipo neva za simpathetiki, zinazotoa noradrenalini palepale moyoni, na tezi mbili juu ya figo zinazomwaga adrenalini kwenye damu.

Lakini adrenalini haiingii ndani ya seli ya moyo. Inaishia nje, mlangoni. Pale pana kipokezi, protini iliyoshonwa kwenye ukuta wa seli, inaingia na kutoka mara saba kama uzi wa mshona kofia. Moyoni vipokezi vya aina hii vilivyo vingi zaidi vinaitwa beta 1, robo tatu hivi ya beta zote au zaidi; vilivyobaki ni beta 2, na kidogo beta 3. Adrenalini au noradrenalini ikikaa kwenye kipokezi, upande wa ndani protini nyengine inaachiwa, inakwenda kukiamsha kimeng'enya kinachotengeneza kitu kiitwacho siklik AMP. Siklik AMP inakwenda kushika milango midogo ya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kwenye zile seli za mdundo, na milango inafunguka mapema zaidi. Sodiamu inapenya, umeme wa seli unapanda haraka, pigo linalofuata linakuja kabla ya wakati wake wa kawaida. Hayo ndiyo moyo kwenda mbio. Siklik AMP hiyohiyo inaongeza kalsiamu kwenye misuli, kwa hiyo pigo linakuja upesi na linakuja na nguvu. Mama alisema "unatwanga". Alisema sawasawa.

Atenololi inafanya nini? Inakaa kwenye kiti cha beta 1 na haifanyi kitu. Adrenalini ikija inakuta kiti kina mtu. Moyo unatulia. Sasa hapa ndipo pa kushika. Seli ikikaa muda mrefu haisikii adrenalini, inajiongezea vipokezi. Vinazaliwa vipya, vinapangwa mlangoni. Ukiendelea na dawa huvijui, maana navyo vinazibwa. Ukikata dawa ghafla, ndani ya siku chache viti vyote viko wazi, vya zamani na vipya, na adrenalini ni ileile ya kila siku. Mama hakuongezewa hofu yoyote usiku ule. Masikio ya moyo wake ndiyo yaliyoongezeka.

Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyobana, hali hii inaweza kuleta maumivu makali ya kifua, hata shambulio la moyo. Dawa za jamii hii, yaani atenololi, propranololi, bisoprololi, metoprololi, karvediloli, kama lazima ziachwe hupunguzwa kidogokidogo, kwa kawaida wiki moja mpaka mbili, na daktari anajua.

Ukisahau siku moja, meza ukikumbuka. Ukikaribia wakati wa kidonge cha pili, meza hicho kimoja. Usimeze viwili kufidia.

Nahodha_Mkoani

Nakaa hapa, naleta na kahawa. Mama apoe inshaallah.

Mjukuu_wa_Wete

Dada, pole sana. Ila na mimi niseme langu kwa heshima. Bibi yangu alipatwa hivohivo, moyo mbio usiku, akaitwa mwalimu akamsomea na akatulia mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwepo. Sasa unataka tuseme ile kusoma haikuwa na faida?

Mchambua_Karafuu

Kaka yangu, sikusema hivyo na sitosema. Mimi mwenyewe nilimsomea mama kwenye simu wakati wanasubiri gari.

Ulichokiona ni kweli na kina njia yake mwilini. Mtu akisomewa kwa sauti ya taratibu, akatulia, pumzi zikawa ndefu, ile neva ya vagasi inashika hatamu zaidi. Vagasi inatoa asetilikolini, nayo ina kipokezi chake moyoni, kingine kabisa, kinachopunguza siklik AMP na kufungulia potasiamu itoke. Mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha jambo hili Austria mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura. Alimchokoa neva chura wa kwanza, moyo ukapungua mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayatia kwenye moyo wa pili ambao neva yake hakuigusa, na huo nao ukapungua. Hapo watu wakajua kuwa neva inasema na moyo kwa kemikali. Alipata tuzo ya Nobel 1936 pamoja na Henry Dale.

Kwa hiyo someni, na wakati mnasoma mmoja aende kutafuta gari. Na mwingine aangalie mkoba wa dawa.

Kidato_cha_Sita

Shangazi shikamoo. Mimi nasoma skuli huku Chake, Biolojia na Kemia. Kuna kitu kimenitatiza tangu muhula uliopita. Umesema noradrenalini inakwenda kwenye beta 1 na moyo unaongeza mapigo. Lakini kwenye kitabu kuna mchoro, mtu kadungwa noradrenalini kwenye mshipa, presha imepanda na mapigo YAMESHUKA. Mwalimu alisema tukariri tu. Kipi ni sahihi?

Mchambua_Karafuu

Marhaba mwanangu. Vyote viwili ni sahihi, na swali lako ni zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa na watu wazima.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Raymond Ahlquist, alikuwa anajaribu kemikali kadhaa za jamii ya adrenalini kwenye viungo mbalimbali vya wanyama, anaziweka kwa mpangilio wa nguvu. Kwenye mishipa ya damu inayobana, mpangilio ukatoka namna moja. Kwenye moyo ukatoka namna nyengine kabisa, iliyokuwa dhaifu kule ikawa ya kwanza huku. Akasema basi vipokezi lazima viwe vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala likaikataa. Likachapisha jengine, na watu hawakumjali kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa rudi kwenye mchoro wako. Noradrenalini inapenda sana alfa, iliyo kwenye kuta za mishipa, na inaipenda beta 1 ya moyo pia. Ukiidunga kwenye damu, mishipa ya mwili mzima inabana kwa ajili ya alfa. Presha inapanda ghafla. Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisio vinavyopima mvuto wa ukuta wa mshipa. Vinapeleka habari ubongoni: presha imezidi. Ubongo unaikaza vagasi na kuzilegeza simpathetiki. Beta 1 inasema kimbia, vagasi inasema simama, na hapo vagasi ina nguvu zaidi. Mapigo yanashuka.

Unataka uthibitisho? Mpe mnyama atropini kwanza, dawa inayoziba vipokezi vya vagasi. Kisha dunga noradrenalini ileile. Mara hii mapigo yanapanda. Beta 1 ilikuwepo muda wote, ilizidiwa tu.

Na kama ukichukua isoprenalini, ambayo inakwenda beta peke yake na alfa haiijui, mishipa inalegea, presha ya chini inashuka, na moyo unakimbia khasa, kwa sababu huku beta 1 inausukuma na huku vihisio vya shingoni vimeacha kuuzuia. Chora hizi tatu pamoja kwenye daftari, noradrenalini, adrenalini, isoprenalini, utaona zinajieleza. Usikariri.

Kidato_cha_Sita

Nimeelewa!! Nitamwonyesha na mwalimu. Ahsante sana shangazi.

MamaWawili

Mimi naomba niwaonye watu. Mdogo wangu ana pumu toka utotoni. Mwaka juzi alikuwa na usaili wa kazi, mikono inamtetemeka, jirani akampa vidonge viwili vya propranololi: "meza hivi, hutoogopa". Kweli hakuogopa. Saa moja baadaye kifua kikaziba, anapuliza filimbi, anavuta pampu yake mara nne mara tano haifanyi kitu kabisa. Nilimshika mabega mimi, midomo imegeuka rangi. Tuliwahi hospitali, Mungu mkubwa. Mpaka leo sijaelewa kwa nini pampu iligoma siku ile na siku zote inamsaidia.

Muuguzi_wa_Zamu

MamaWawili nijibu hili mimi, nafanya kazi wodini.

Pampu ile ni salbutamoli, nayo ni mtoto wa adrenalini aliyefundishwa kwenda beta 2. Beta 2 ziko nyingi kwenye njia za hewa, zikishikwa njia zinapanuka. Propranololi haichagui, inaziba beta 1 na beta 2 zote. Mdogo wako alipomeza, viti vya mapafuni vikawa vimekaliwa. Alivuta salbutamoli ikakuta hakuna pa kukaa. Hata mara kumi isingesaidia.

Mtu mwenye pumu asipewe propranololi. Hata atenololi na bisoprololi, zinazopenda beta 1 zaidi, kwake ni za uangalifu, maana kupenda zaidi si kuacha kabisa, na dozi ikipanda tofauti inapungua. Na dawa ya jirani haimezwi. Wodini tumewaona.

Upande mwengine wa jambo hilohilo: wazazi mnaokuja mnasema "mtoto akivuta pampu moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka". Ni kweli. Salbutamoli inagusa beta 2 za misuli, ndiyo kutetemeka, na moyoni nako zipo beta 2 chache, na kidogo inaiparuza beta 1. Hupita baada ya muda. Msimnyime mtoto pampu akiwa hawezi kupumua kwa kuogopa mapigo.

Mzee_wa_Kengeja

Wanangu, nasoma taratibu kwa miwani lakini nasoma. Mimi nina miaka 70, natumia propranololi kwa kutetemeka mikono, pumu sina. Mwaka mmoja kwenye mchezo wa ng'ombe hapa kwetu, dume likakata kamba likaja upande tuliosimama wazee. Nilikimbia, miguu ilikimbia, akili ilijua kabisa kuwa hii ni hatari. Lakini moyo ulikuwa unakwenda taratibu tu, tii, tii, kama nimekaa msikitini. Nikachoka upesi kuliko umri wangu. Vijana walidhani nimeanguka kwa hofu, kumbe hofu kwenye kifua sikuisikia hata kidogo. Nilikuwa nataka siku zote kumuuliza mtu hali ile.

Jengine: nina sukari pia, nadunga insulini. Je, kuna tatizo?

Mchambua_Karafuu

Shikamoo babu. Umeeleza dawa hii kuliko kitabu.

Ubongo wako uliona ng'ombe, tezi zako zikamwaga adrenalini kama za kijana yeyote. Ilipofika moyoni ikakuta vipokezi vimezibwa. Misuli ya miguu inataka damu zaidi, moyo haupandi mpaka inapohitajika, ndiyo ukachoka upesi. Umri nao unachangia: kadiri mtu anavyozeeka moyo wake hauitikii beta kwa nguvu ile ya ujana, hata bila dawa.

Kuhusu sukari, babu, tatizo lipo na naomba ulisome mara mbili. Sukari ikishuka sana, mwili unapiga kengele kwa adrenalini: moyo mbio, mikono kutetemeka. Propranololi inazizima kengele hizo mbili. Sukari inaweza kushuka na wewe umekaa hujui. Kengele moja inabaki, nayo ni JASHO, kwa sababu tezi za jasho zinaamrishwa kwa asetilikolini, beta haina kazi pale. Kwa hiyo ukitokwa na jasho la baridi bila sababu, au ukajiona umechanganyikiwa kidogo, pima sukari mara moja. Kama kipimo hakipo karibu, kunywa chai ya sukari usingoje. Hasa Ramadhani, baina ya alasiri na magharibi. Ikishuka wakati huo, funga inafunguliwa, na hilo masheikh wetu wanalisema wazi. Na mwambie daktari wako kuwa unatumia vyote viwili, huenda wa mkono huu hajui alichoandika wa mkono ule.

Mzee_wa_Kengeja

Jasho. Nimeliandika ukutani kwa chaki. Na mke wangu nimemsomea.

Nahodha_Mkoani

Nimesema nakaa, kumbe na mimi nina swali. Baba yangu moyo umetanuka, miguu inavimba. Kapewa bisoprololi, kidonge kidogo sana, cha miligramu 1.25. Kaka yangu mkubwa kakasirika: moyo umechoka, mnaupa dawa ya kuupunguza tena? Anataka baba aache.

Mchambua_Karafuu

Kaka yako kafikiri kama walivyofikiri madaktari kwa miaka mingi, usimlaumu. James Black, Mskochi aliyeleta propranololi miaka ya 1960 na akapata Nobel 1988, aliitafuta kwa ajili ya maumivu ya kifua, na wakati ule kumpa mgonjwa wa moyo uliochoka dawa hii lilikuwa kosa. Mwaka 1975 madaktari wa Gothenburg, Sweden, wakathubutu kwa wagonjwa wachache wenye mioyo iliyotanuka, na waliona wanapata nafuu. Ilichukua mpaka mwisho wa miaka ya 1990 kwa majaribio makubwa kuonyesha kuwa watu wanaishi muda mrefu zaidi nayo.

Sababu ni vipokezi vilevile. Moyo ukichoka, mwili unaona damu haitoshi, unamwaga adrenalini na noradrenalini mchana na usiku. Moyo unapigiwa kelele bila kupumzika. Seli zikazidiwa, zikaanza kuvivuta vipokezi vya beta 1 ndani na kuvipunguza, ni kinyume cha kilichompata mama yangu. Na zile kelele zenyewe zinaua seli kidogokidogo. Bisoprololi inazipunguza kelele. Moyo unapiga mara chache, unapata muda wa kujaa, unapumzika.

Lakini inaanzwa chini kabisa, ndiyo hiyo 1.25, maji ya mwilini yakiwa yameshatulizwa, na kupandishwa taratibu kwa wiki nyingi. Wiki za mwanzo baba anaweza kuchoka zaidi. Akivimba zaidi, akaongezeka uzito ghafla au akashindwa kulala chali, mrudisheni kwa daktari upesi. Asikate mwenyewe. Na kaka mkubwa mpe simu asome hapa.

Nahodha_Mkoani

Kasoma. Kanyamaza. Sasa hivi yeye ndiye anayemletea baba maji ya kumezea.

Mjukuu_wa_Wete

Dada, mama anaendeleaje?

Mchambua_Karafuu

Karudi shamba, huyo hazuiliki wakati wa karafuu. Safari hii kabeba vidonge vya mwezi mzima, nusu kwenye mkoba wake, nusu kwa mjomba. Binamu yangu anamhesabia kila usiku baada ya Isha, sekunde 15, kisha ananitumia ujumbe. Jana imetoka 17. Nimezidisha mara nne, 68.